Kubadilisha kabureta ya Hilux ya zamani kama ndo mara yako ya kwanza

Pikapu yetu hapa Mtwara ni Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, msimu wa korosho inapanda Newala na magunia, sasa ikaanza kunywa mafuta vibaya na ukiiacha sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga eksileta) inatoa moshi mweusi halafu inazima. Kabla hujanunua kabureta (ndo inayochanganya petroli na hewa) angalia kwanza eya klina, yaani chujio la hewa, sio chafu na choki (kile kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi) haijagandia imefunga, na kama shida yako ni gari kukosa nguvu mlimani basi anza na chujio la petroli na pampu, usije ukatupa hela bure.

Haya, injini ipoe kabisa, toa waya hasi wa betri, sigara na jiko vikae mbali maana petroli itamwagika tu. Fungua eya klina uiweke pembeni.

Hapa sasa tulia. Utakuta mipira midogo ya hewa kibao, usichomoe hata mmoja kabla hujapiga picha kwa simu pande zote, halafu kila mpira ufunge kipande cha utepe wa gundi uandike namba, na namba hiyohiyo iandike pale ulipochomekwa. Mimi mara ya kwanza niliamini kichwa changu, nilipoteza siku nzima. Mpira wa petroli inayoingia na ule wa kurudi tanki usivichanganye.

Chomoa kebo ya eksileta na waya za umeme, kisha fungua nati nne za chini. Sie tunaokaa karibu na bahari nati zinakula kutu hatari, pulizia WD-40 usiku uliotangulia, ukilazimisha studi (ile bolti inayoshika nati) inakatika na hapo kazi inakuwa nyingine kabisa. Kabureta ikitoka tu, ziba tundu la manifodi (bomba la kupeleka hewa na petroli kwenye injini) na kitambaa safi, nati ikidondoka mle ndani inaenda kuua valvu na pistoni.

Gasketi ya zamani (ile ya kuziba kati ya kabureta na manifodi) ikwangue yote, taratibu, usichimbe alumini. Ikibaki hata kidogo hewa itapenya pale chini na sailensi haitatulia, utasumbuka na skrubu mpaka uchoke. Weka gasketi mpya, toa kitambaa (kweli kabisa, watu wanakisahau), kalisha kabureta, kaza nati kwa msalaba kidogo kidogo, usimalize moja kwanza.

Rudisha mipira kwa namba zako. Ule waya wa solenoidi ya petroli (swichi ya umeme inayofungua na kufunga petroli) ukiusahau gari itawaka lakini haitakaa sailensi, watu wanadhani kabureta mpya ni mbovu kumbe ni waya tu. Kanyaga eksileta mwache mtu akutazamie, inafunguka yote na inarudi yenyewe?

Rudisha waya wa betri, washa. Kwanza tazama kama petroli inavuja, ikivuja zima papo hapo. Kwenye kile kioo kidogo cha kabureta petroli isimame kwenye alama. Injini ikishapata joto rekebisha sailensi iwe kama mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Mwagia maji kidogo pale kwenye gasketi, mlio ukibadilika ujue inavuta hewa.

Nenda nayo mpaka Mikindani urudi, ikipoa kaza tena zile nati nne, gasketi mpya ikishalala huwa zinalegea.