Namna ya kusikiliza nyimbo za filamu za Kihindi za zamani: anza na Shree 420

Achana kwanza na mikusanyiko ya nyimbo mia moja bora. Inakupa vionjo, haikuzoeshi sikio. Chukua filamu moja uimalize, na kwa anayeanza hakuna inayofaa kuliko Shree 420 ya mwaka 1955. Muziki ni wa Shankar na Jaikishan, mashairi ni ya Shailendra na Hasrat Jaipuri, na ndani yake wamo waimbaji Mukesh, Manna Dey, Lata Mangeshkar, Asha Bhosle na Mohammed Rafi.

Anza na sauti. Anayeonekana akiimba anachezesha midomo tu. Mwimbaji mwenyewe alirekodi studio. Fumba macho usikilize "Mera Joota Hai Japani", kisha "Pyar Hua Ikrar Hua", ule wa mvua na mwavuli mmoja. Kwenye picha zote mbili mwanamume ni mwigizaji Raj Kapoor, lakini mwimbaji wa kwanza ni Mukesh na wa pili ni Manna Dey. Mukesh hutoa sauti iliyonyooka, ya puani kidogo, bila madoido. Manna Dey ana malezi ya muziki wa kiasili wa Kihindi, na anajua kuikunja noti kabla ya kuiachia. Rudia mpaka uwatofautishe kwa mstari mmoja tu. Baada ya hapo, mshike Lata kwenye wimbo huohuo wa mvua, kisha "Mud Mud Ke Na Dekh" unaoanzwa na Asha, mdogo wake wa damu. Rafi utamkuta kwenye "Ramaiya Vastavaiya", pamoja na Lata na Mukesh.

Halafu sikiliza umbo. Sehemu inayorudiwa huitwa mukhda, maana yake uso, na ndiyo kiitikio chetu. Beti huitwa antara. Kati ya hizo kuna vipande vya ala peke yake, na hapo ndipo wasikilizaji wengi huanza kupiga soga. Hasara kubwa! Mara nyingi kipande cha kabla ya beti ya pili si kile cha kabla ya beti ya kwanza: fidla zinaweza kutawala huku, kodiani au filimbi kule. Aliyewapangia Shankar na Jaikishan ala hizo kwa miaka mingi ni Sebastian D'Souza, mtu wa Goa, India. Jipime: ukiweza kuimba kwa mluzi vipande vya ala bila kugusa maneno, wimbo umeushika.

Mapigo yahesabu kwa kidole. Nyimbo nyingi za filamu ziko kwenye keherwa, mapigo 8 (kwa milio ya tabla, ngoma pacha za Kihindi: dha ge na ti, na ka dhi na), au dadra, mapigo 6 (dha dhi na, dha ti na). Ukihesabu hadi 8 na kidole kikaachana na tabla mzunguko wa pili, jaribu 6. Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu pale mwimbaji anapofungua kinywa. Mwimbaji huweza kuingia kabla ya pigo la kwanza au baada yake, kwa hiyo fuata ngoma, si sauti.

Kwenye maneno Mswahili ana mtaji. Duniya, waqt, safar, zamana, mohabbat: dunia, wakati, safari, zamani, mahaba. Ila kuna mitego. Gharib kwa Kihindi ni maskini, si mgeni. Fursat ni wasaa wa kupumzika, si fursa ya biashara. Kwa mazoezi, "Ichak Dana" ni vitendawili vitupu, na miongoni mwa majibu yake ni komamanga, tausi na mahindi. Usisome tafsiri mpaka umejaribu kutegua.

Sikio likishakomaa, rudi kwa Juma Bhalo wa Mombasa na taarabu yake yenye mahadhi ya Kihindi. Utasikia lipi alilichukua na lipi alilibadili.

Tahadhari ya nakala. Ukisikia ngoma za kielektroniki zikidunda juu ya tabla, hiyo ni "jhankar": mapigo yaliyobandikwa miongo kadhaa baadaye, nayo huzika besi na vipande vya ala. Kuna pia nyimbo zilizorekodiwa upya na waimbaji wengine kwa majina yaleyale, hivyo soma jina la mwimbaji kabla ya kupakua. Sauti ikiwa nyembamba na ya haraka kupita kawaida, huenda santuri au mkanda ulinakiliwa kwa kasi isiyo sahihi. Linganisha na nakala nyingine mbili. Na kama beti unayoikumbuka haimo, usidhani umekosea. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika 3 na ushei tu, kwa hiyo beti nyingine zilikatwa. Itafute kwenye filamu yenyewe.