Somo: Kufunga draiva ya printa kwenye Linux, kuanzia waya hadi karatasi ya kwanza

Mwangaluka ndugu zangu. Wiki hii wamekuja watu wawili hapa stesheneri, Nyegezi, mmoja ana Ubuntu, mwingine Linux Mint, na kila mmoja ameshika CD iliyokuja na printa yake. Wanauliza mbona haifunguki. Hiyo CD ni ya Windows, irudishe kwenye boksi lake. Kwenye Linux draiva nyingi, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na printa, zimo tayari ndani ya mfumo, na nyingi ya zisizokuwemo zinashushwa kwa amri moja. Kazi yako ni kuijua printa yako kwa jina lake kamili na kuipa draiva yake, si ya ndugu yake.

Nitatumia Epson L3110, hii ya matangi ya wino, kwa sababu ndiyo iliyo mezani kwangu.

1. Itambue printa. Chomeka waya wa USB, washa printa, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

`lsusb`

Itatoka orodha ya kila kilichochomekwa. Tafuta jina la kampuni. Ukiona namba inayoanza na 04b8, hiyo ni Epson. 03f0 ni HP. 04a9 ni Canon. Usipoona kitu, usiendelee na somo. Badilisha waya au tundu la USB kwanza. Nyaya zetu zinafungwa na kufunguliwa kila jioni duka likifungwa, zinachoka.

2. Shusha draiva. Kwa Epson ya wino:

`sudo apt update`
`sudo apt install cups printer-driver-escpr`

Kwa HP, weka `hplip` badala ya hiyo ya mwisho. Itaomba paswadi, na pengine ukiandika hutaona hata nyota moja. Keibodi haijafa, we andika tu halafu bonyeza Enter. CUPS ndiyo programu inayosimamia uchapaji wote kwenye Linux. Ilitoka mwaka 1999, na hata kompyuta za Apple zinaitumia.

3. Jipe ruhusa ya kusimamia printa.

`sudo usermod -aG lpadmin $USER`

Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie upya. Wengi wanaruka hapa, halafu hatua inayofuata inawakatalia wanaanza kulaumu printa.

4. Iandikishe printa. Fungua kivinjari, andika `localhost:631`. Intaneti haihitajiki, hapo unaongea na kompyuta yako mwenyewe. Ingia "Administration", bonyeza "Add Printer", chagua printa yako kwenye orodha ya zilizochomekwa. Jina lisiwe na nafasi wala alama ya / au #. Yangu inaitwa DUKA.

Ikifika kwenye orodha ya draiva, tulia. Chagua mstari wenye namba ya printa yako kamili. Mimi nilipoanza nilikuwa na printa ya leza, sikuiona kwenye orodha, nikachagua ya PostScript kwa kubahatisha, lugha ambayo printa ile haikuijua. Mwanafunzi kasimama dirishani anasubiri ripoti yake ya fildi. Karatasi ya kwanza ikatoka, juu kabisa imeandikwa `%!PS-Adobe-3.0`, chini yake msitu wa mabano na namba. Ikaja ya pili, ya tatu, ya kumi, zote hivyo hivyo. Nikazima printa. Nilipowasha ikaendelea palepale ilipoishia, maana foleni ya kazi inakaa kwenye kompyuta, haikai kwenye printa. Rimu ikaenda karibu nusu. Likikukuta hilo, usihangaike na swichi:

`cancel -a`

Inafuta foleni yote. Kisha rudi uchague draiva sahihi.

5. Weka A4. Ukimaliza kuandikisha itakuletea ukurasa wa mipangilio. Angalia saizi ya karatasi. Mara nyingi imewekwa "Letter", karatasi ya Wamarekani yenye urefu wa milimita 279, wakati A4 yetu ina 297. Ukiiacha hivyo, printa nyingine zinawasha taa na kugoma, zinasubiri karatasi ambayo Mwanza nzima sijui utaipata wapi.

6. Jaribu. Kwenye ukurasa wa printa fungua "Maintenance", chagua "Print Test Page". Ikitoka safi, umemaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Sengerema: Shikamoo mwalimu. Nina HP LaserJet P1102. Nimefunga hplip, nikituma kazi inasema imekamilika lakini karatasi haitoki.

Jibu: Marahaba. Hiyo inahitaji kipande cha ziada ambacho HP hawakiweki pamoja na hplip. Ukiwa na intaneti andika `hp-plugin -i`, kubali masharti, kisha `sudo hp-setup -i`. Na ukumbuke, hplip ikisasishwa kipande hicho nacho kinatakiwa toleo jipya. Siku ikigoma baada ya kusasisha mfumo, anzia hapo.

Dada wa Igoma: Kaka, umeme ukikatika katikati ya kazi na kurudi, printa inawaka ila kompyuta inasema imesimamishwa. Kila siku nafunga upya draiva.

Jibu: Usifunge upya, dada yangu, draiva haina kosa. Foleni ndiyo imejifunga. Ifungue hivi:

`sudo cupsenable DUKA`

Na ili isijifunge tena:

`sudo lpadmin -p DUKA -o printer-error-policy=retry-current-job`

Hapo itarudia kazi yenyewe umeme ukirudi. Weka jina la printa yako badala ya DUKA.

Mwanachama, Musoma: Nimepata Canon LBP2900 ya mtumba kwa bei nzuri. Ninunue?

Jibu: Kama ni ya kutumia na Linux, mimi nisingeinunua. Inatumia lugha ya Canon yenyewe inayoitwa CAPT. Draiva yao ya Linux ipo, lakini kuifunga ni kazi ya siku nzima kwa anayeanza. Kabla ya kutoa hela, tafuta namba ya printa kwenye orodha ya OpenPrinting, tovuti ya printa na draiva zake za Linux.

Mwanachama, Nansio: Mkuu, huku bando ni la kuhesabu. Hicho kifurushi cha draiva kinakula MB ngapi?

Jibu: Apt, ile programu ya kushusha ya hatua ya 2, inakutajia ukubwa kabla ya kushusha, na ikikuuliza, soma kabla ya kubonyeza Y. Ila kuna njia nyingine. Mwenye intaneti huku Mwanza, kompyuta yake iwe na toleo lilelile la Ubuntu na asiwe amefunga draiva hiyo, aandike:

`sudo apt-get install --download-only printer-driver-escpr`

Mafaili yatakaa `/var/cache/apt/archives`. Ayaweke kwenye flashi, akupe ukija mjini au ampe mtu anayepanda meli ya Nansio. Wewe fungua kwenye terminali folda ya flashi yenye mafaili hayo, andika `sudo apt install ./*.deb`, halafu endelea na hatua ya 3.