Maiki za chumba kwenye dramu: jinsi ninavyozichagua Mwanza

Seti ya dramu ikirekodiwa kwa maiki za karibu tu, kila kipande kinasikika kivyake: kiki (dramu kubwa ya mguu) hapa, sneya (ile yenye mlio mkali) pale, tomu (dramu za kati) zimekaa kama abiria wasiofahamiana. Kinachozifanya ziwe ala moja ni hewa ya chumba, na hewa hiyo unaichukua kwa maiki za chumba, yaani zinazosimama mbali na seti. Wengi wetu huku tunaziacha kwa kuwa vyumba ni vidogo, au tunazisimamisha popote palipobaki nafasi ya stendi. Mimi narekodi kwenye chumba cha mita 4 kwa mita 3.5, dari ya jipsamu mita 2.7 juu, sakafu ya vigae. Kuta tatu ni za tofali. Wa nne ni jiwe lenyewe, maana nyumba imeegemea mlima kama nyumba nyingi za huku kwetu. Chumba hicho kidogo kinanipa dramu kubwa, na nitaeleza kwa utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Kisikilize chumba kabla hujatoa maiki

Simama katikati, piga kofi moja kali. Kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana utasikia mlio wa "trrrr" unaokwenda na kurudi. Maiki itauchukua, na utaukuta umeng'ang'ania kila pigo la sneya. Tundika blanketi zito au simamisha godoro kwenye ukuta mmoja kati ya hiyo miwili, kisha piga kofi tena. Usivike chumba kizima, kwa sababu ukishakikausha chote maiki ya chumba inakosa cha kuchukua. Khanga na kitenge ni vyepesi mno kwa kazi hii. Vinalainisha ukali wa juu kidogo tu, besi inapita kama hakuna kitu.

Lile jiwe ndilo hazina yangu. Uso wake una mabonde na vinundu, kwa hiyo sauti ikigonga pale hairudi kwa mkupuo, inatawanyika. Dramu zangu zinalitazama jiwe. Kama studio yako iko Isamilo, Bugando au Capri Point na fundi alikuachia mwamba ndani, tafadhali usimwite mtu wa plasta.

Sasa mwambie mpiga dramu apige mdundo mmoja bila kubadilisha, dakika tano hivi. Ziba sikio moja kwa kidole, kwa kuwa maiki moja ni sikio moja. Tembea polepole. Chuchumaa, kisha panda kwenye kiti. Utakuta mahali kiki inanenepa na mahali inakuwa kama kugonga karatasi. Si mawazo yako: kwenye chumba cha mita 4, sauti ya takriban hertz 43 inajaa karibu na kuta na kufifia katikati, na kila kipimo cha chumba kina sauti yake ya namna hiyo. Kwenye kona besi inavimba kupita kiasi. Panapokupendeza, bandika kipande cha selotepu sakafuni. Nikipata sehemu tatu za selotepu, nimemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Uliza wimbo unataka nini

Kwaya ikija na sebene, hai-heti haipumziki. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, ukipiga noti nne ndani ya pigo moja, kila noti iko milisekunde 125 tu kutoka kwa mwenzake, na mwangwi wa noti ya kwanza bado unazunguka ya pili inapofika. Hapo nataka maiki iliyo karibu, mita 1.5 au 2. Wimbo wa kuabudu wa polepole una nafasi kati ya sneya na sneya, na nafasi hiyo ndiyo chumba kinapokaa. Naisogeza mbali kadiri mlango utakavyoruhusu.

Hatua ya 3: Anza na maiki moja

Hili nalisisitiza kuliko yote. Nilipoanza nilikuwa natega mbili kila mara, moja kila kona, kwa kuwa kwenye hedifoni zilisikika pana sana. Siku moja nikawarekodia vijana wa kwaya nyimbo sita. Mwenyekiti wao akazifungulia kwenye simu, kwenye spika moja, palepale mlangoni. Akaniuliza, "Kaka, mbona sneya imepungua?" Ilikuwa imepungua kweli. Maiki zile zilikuwa umbali tofauti kutoka kwenye sneya. Zilipochanganywa kuwa sauti moja, mawimbi yakawa yanafutana. Wasikilizaji wetu wengi wanasikiliza hivyohivyo: simu juu ya meza ya duka, spika ya bodaboda. Maiki moja haina tatizo hilo yenyewe kwa yenyewe.

Jaribu sehemu hizi kwa mpangilio huu:

Mbele ya seti, mita 2, usawa wa kifua. Hii ni picha ya wazi, lakini matoazi yanaweza kukuzidi nguvu.

Chini, sentimita 10 hadi 20 kutoka sakafuni, ikitazama kiki. Matoazi yanapungua ukali na miili ya tomu inajitokeza. Kwenye chumba chenye dari fupi, hii ndiyo ninayoitumia zaidi.

Nje ya mlango, kwenye korido, mlango ukiwa wazi. Korido yangu ina mita 6 na vigae mpaka mwisho. Ukiufunga mlango kidogo na kuufungua, unachagua kiasi cha ukali kinachotoka. Dramu inasikika kama imepigwa kwenye ukumbi. Mwaka 1971 ulipotoka wimbo "When the Levee Breaks" wa bendi ya Led Zeppelin, John Bonham akipiga dramu, uliorekodiwa kwenye jumba la Headley Grange, Uingereza, sauti ile kubwa ilitoka kwenye ukumbi wa ngazi: dramu chini, maiki mbili za ribini aina ya M160 juu ya ngazi. Korido ni ndugu wa ngazi.

Hatua ya 4: Ukihitaji mbili

Kama wimbo unataka upana, weka vichwa vya maiki pamoja, kimoja juu ya kingine, vikipishana kwa nyuzi 90. Sauti inafika kwa zote wakati mmoja, kwa hiyo kwenye spika moja hakuna kinachopotea. Ukitaka upana zaidi, acha sentimita 17 kati yake na uzifungue nyuzi 110. Mpangilio huo ulitoka redio ya Ufaransa na unaitwa ORTF. Kuzitenganisha mita kadhaa kunafaa ukumbi wa kanisa. Kwenye vyumba vyetu hivi, ukilazimika, pima kwa futi ya fundi seremala kutoka katikati ya sneya hadi kila maiki, zilingane kabisa.

Hatua ya 5: Aina ya maiki

Kondensa (maiki zinazohitaji umeme wa 48V kutoka kwenye meza) za bei nafuu nyingi zinang'arisha juu, na chumba kidogo tayari kina matoazi ya kutosha. Kabla hujakopa hela ya kondensa, jaribu SM57 au SM58 uliyonayo, maiki za kawaida zisizohitaji umeme huo. Ukavu wake unafaa hasa ukipanga kubana sauti baadaye. Ribini, maiki yenye utepe mwembamba wa chuma ndani, ndiyo niipendayo: ni laini juu, na nyingi zinasikia kwa umbo la nane, yaani mbele na nyuma, huku ubavuni ni kiziwi. Geuza ubavu huo uelekee seti. Itachukua kuta badala ya dramu, na chumba kitaonekana kimeongezeka ukubwa. Zima umeme wa 48V kabla ya kuichomeka. Ribini za zamani zinaweza kuungua. Ukiwa na kadioidi tu (maiki inayosikia zaidi upande wa mbele), ipe dramu mgongo na uitazamishe ukutani.

Hatua ya 6: Umbali na fezi

Kwa joto la Mwanza, sauti inasafiri sentimita 35 hivi kwa milisekunde moja. Maiki iliyo mita 3.5 inachelewa milisekunde 10. Usiisogeze mbele kwenye kompyuta ili ilingane na sneya, kwa kuwa ule uchelewaji ndio ukubwa wenyewe. Mimi nafanya kinyume: chumba kikisikika kidogo, naichelewesha milisekunde 10 nyingine, ni kama nimesogeza ukuta. Kisha weka kila kitu mono, yaani sauti moja, na ubonyeze kitufe cha kugeuza fezi (kinachopindua wimbi juu chini) cha maiki ya chumba. Bakisha upande ambao kiki inakuwa nene.

Hatua ya 7: Rekodi, kisha bana

Angalia anga kwanza. Mabati na mvua ya masika haviachi kitu, na maiki ya chumba itachukua hata korongo akitua juu ya paa. Mimi narekodi dramu asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kugonga madirisha.

Kwenye kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa, naanza na uwiano wa 8 kwa 1, shambulio (muda wa kuanza kubana) la haraka, na nabana mpaka sindano ishuke desibeli 10. Muda wa kuachia ndio wa kushughulikia kwa makini: urefushe au ufupishe mpaka chumba kiinuke na kujaa kabla tu ya pigo linalofuata. Hapo utasikia dramu inapumua pamoja na wimbo. Pandisha feda hadi uanze kukiona chumba, halafu ishushe kidogo.

Jambo la mwisho ni kwa mpiga dramu. Akigonga toazi la kumalizia, asishuke kwenye kiti, asiliguse. Wote chumbani tuhesabu kumi kimoyomoyo, na mimi siondoi mkono kwenye meza mpaka jiwe lile limenyamaza.