Umeambiwa uwekewe stenti kichwani kwa aneurizimu ambayo haijapasuka? Pitia haya kabla hujasaini

Umepiga MRI kwa sababu nyingine kabisa, labda kichwa au kizunguzungu, wakakuta mshipa wa damu kwenye ubongo umetuna kama tyubu ya baiskeli pale mpira ulipochoka. Hiyo ndo aneurizimu. Kwanza tulia ndugu yangu, maana karibu watu wazima 3 katika kila 100 wanayo na kwa wengi wao haipasuki maisha yao yote. Ila ikipasuka inaua au inaacha ulemavu, kwahiyo usiichukulie poa pia.

Usianze kwa kuuliza stenti, yaani kile kimrija cha wavu wa chuma kinachowekwa ndani ya mshipa, ni salama au sio salama, anza na swali hili: hii yangu ikiachwa ina hatari gani? Muombe daktari akwambie ni milimita ngapi, iko mshipa upi, na kama ina vinundu vinundu au ni duara safi. Kuna utafiti mkubwa wa kimataifa ulitoka 2003, zile za chini ya milimita 7 kwenye mishipa ya mbele kwa watu ambao hawajawahi kuvuja damu kichwani hazikupasuka ndani ya miaka 5, wakati za milimita 25 kwenda juu mishipa hiyo hiyo zilizopasuka zilifika asilimia 40. Alafu changanya na umri wako, presha, sigara, na kama kuna ndugu wa damu iliwahi kumpasukia. Ukiambiwa tufuatilie kwa picha tu usione umetelekezwa, kwa wengine huo ndo uamuzi bora kabisa.

Sasa kwanini stenti? Koili, zile nyaya laini za kujaza uvimbe wa aneurizimu, zimeanza kutumika kwa binadamu toka 1990, shida ni pale mdomo wa uvimbe ukiwa mpana, milimita 4 au zaidi, koili zinateleza na kurudi kwenye mshipa, ndo wanaweka stenti kama ukuta wa kuzizuia. Uliza koili peke yake zinashindikana kwa nini, na uliza pia kuhusu upasuaji wa kufungua fuvu na kubana uvimbe kwa klipu, kibanio kidogo cha chuma. Daktari mzuri hatakasirika.

Kuhusu takwimu, utafiti wa stenti ya Neuroform Atlas kwa wagonjwa 182 ulionyesha baada ya mwaka karibu asilimia 85 uvimbe umeziba kabisa bila kurudiwa tiba, na asilimia 4.4 walipata kiharusi kikubwa au kifo kutokana na ubongo. Kwahiyo inafanya kazi vizuri lakini hatari ipo, na unaibeba ukiwa mtu mzima wa afya, hapo ndo pagumu. Muulize daktari atakayekufanyia yeye mwenyewe ameshafanya wangapi na matokeo yao yalikuwaje.

Hapa sasa nisikilize vizuri. Stenti ni chuma ndani ya mshipa na damu ikiona chuma inataka kuganda, ikiganda hapo ni kiharusi. Ndo maana unapewa aspirini na klopidogreli, mara nyingi siku kadhaa kabla ya siku yenyewe, alafu unaendelea na zote mbili miezi kadhaa na aspirini kwa muda mrefu zaidi, wengine maisha. Kuna watu klopidogreli haiwashiki kwasababu ya maumbile yao, kwahiyo uliza kama kuna kipimo cha kuangalia damu yako imeitikia, kama haijaitikia zipo dawa mbadala. Unatumia omeprazoli ya vidonda vya tumbo? Sema mapema, inapunguza nguvu ya klopidogreli na unaweza kubadilishiwa. Sema pia kama una mimba au unaipanga, mzio wa dawa ya picha (ile wanayochoma ili mishipa ionekane), shida ya figo, au kama uliwahi kutapika damu. Na kama kuna operesheni nyingine au jino la kung'oa, panga kabla, maana baada ya stenti dawa hazisimamishwi na mtu yeyote, hata daktari wa meno, mpaka aliyekuwekea stenti akubali. Weka alamu kwenye simu na nunua dawa kabla hazijaisha, usingoje kidonge cha mwisho.

Siku yenyewe unapigwa nusu kaputi, wanaingiza mrija mwembamba kwenye kinena au kifundo cha mkono mpaka kichwani, fuvu halifunguliwi. Baadaye unalazwa chini ya uangalizi, na ukitoka michubuko kidogo pale walipoingilia ni kawaida ila uvimbe unaokua au damu isiyokata sio kawaida.

Nyumbani kila mtu ajue dalili hizi: mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutoeleweka, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa maishani, kope moja kuanguka ghafla. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama imepoa yenyewe. Sigara acha kabisa na presha ipime.

Picha za kufuatilia, mara nyingi kuanzia mwezi wa sita na baada ya mwaka, usiziruke hata ukijisikia mzima, kwasababu uvimbe unaweza kujaa tena kimyakimya au mshipa ukabana ndani ya stenti. Omba kadi yenye jina la stenti yako na tembea nayo, kila ukienda kupiga MRI ionyeshe kwanza.