Diodoranti ya jikoni isiyoyeyuka kwa joto la Dar

Ngoja niseme ukweli toka mwanzo, mimi natoka jasho. Sio lile jasho la kistaarabu la kufuta na leso, mimi natoka jasho la kulowanisha shati kabla sijafika Ubungo, na wanaopanda mwendokasi asubuhi wanajua, mle ndani ukishanyanyua mkono kushika bomba basi kwapa lako liko usawa wa pua ya mtu. Kwahiyo habari za kikwapa kwangu sio utani. Nimetumia roloni za kila aina, zingine zinaniacha na weusi, zingine shati jeupe linabaki na ramani ya njano ambayo hata jiki haiitoi, mwisho nikaingia jikoni nikaanza kutengeneza yangu na saivi mwaka wa tatu sijanunua ya dukani.

Ila sasa, resipi nyingi utakazokutana nazo zimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Utaambiwa chukua mafuta ya nazi, weka bekingi soda nusu kwa nusu, tia kwenye kopo, ikishaganda tumia. Ikishaganda? Wapi? Mafuta ya nazi yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, we niambie Dar mwezi wa pili nyuzi 24 utaziona saa ngapi. Ya kwanza niliyotengeneza niliitia kwenye pochi asubuhi, mchana ikawa mafuta ya kupikia, imemwagika kwenye kitambulisho, kwenye chaja, hadi kwenye andazi langu. Na hiyo soda nusu kwa nusu ndo usiseme, ilinibabua nikatembea siku nne mikono nimeitanua kama kuku aliyenyeshewa. Kwahiyo hii ya leo nimeirekebisha kwa joto letu, na soda nimeipunguza sana.

Kabla hatujawasha jiko, elewa kitu kimoja. Jasho lenyewe linapotoka halina harufu ya maana. Kinachonuka ni bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kwapa, wanakula yale majimaji yenye mafuta na protini yanayotoka kwenye tezi za kwapani (tezi hizo zinaanza kazi mtu akibalehe, ndo maana mtoto wa miaka mitano anacheza juani kutwa hanuki kikwapa, ananuka vumbi tu) na mabaki yao ndo hiyo harufu. Kwahiyo hii tunayotengeneza haizuii jasho. Inapunguza bakteria, inakausha unyevu, inafunika harufu, basi. Zinazozuia jasho ni zile za dukani zenye chumvi za alumini, zinaziba vitundu vya jasho, na hizo huwezi kuzitengeneza kwenye sufuria ya nyumbani. Mtu akikwambia yake ya mafuta ya nazi inakausha jasho kabisa, muache aongee.

Sasa hapa naomba usome taratibu kwasababu ndo watu wanapoumia. Bekingi soda sio magadi. Najua huku kwetu mtu akisema magadi soda anaweza kuwa anamaanisha vitu vitatu tofauti. Kuna magadi yale ya mawe au unga wa kijivujivu, ya kulainishia maharage na makande, yanayotoka kwenye maziwa kama Natron na Magadi, yale ni makali, usipake kwapani. Kuna kostiki ya kutengenezea sabuni, ile ndo kabisa, inaunguza nyama, usiilete hata karibu na hii kazi. Na kuna bekingi soda ya kuokea, unga mweupe laini unaouzwa kwenye pakiti au kikopo pale kwenye vitu vya keki, hiyo ndo yetu. Nunua iliyofungwa na yenye maandishi, usipimiwe kwenye karatasi sokoni.

Alafu bekingi soda sio bekingi poda pia. Ukiwa na kikopo jikoni lebo imebanduka na hukumbuki ni ipi, chota kidogo tia kwenye maji. Ikifanya povu kwa maji matupu hiyo ni bekingi poda, ndani yake washachanganya tindikali. Soda kwenye maji matupu inatulia tu, mpaka uikamulie ndimu ndo inachachamaa.

Haya, vitu vyenyewe. Kijiko ninachosema ni kile cha chakula, cha kulia wali, pale nitakaposema cha chai ujue nimebadilisha. Mafuta ya nazi vijiko vinne. Nta ya nyuki iliyokunwa kijiko kimoja kilichojaa mpaka viwili. Wanga laini vijiko vinne, konflawa ya dukani inafaa kabisa. Bekingi soda kijiko kimoja cha CHAI, tena cha kufuta sio cha mlima. Karafuu punje kama kumi. Hapo unapata kikopo kimoja kidogo, mimi kinanipeleka mwezi na zaidi.

Mafuta ya nazi kama unapika mwenyewe kwa tui, hakikisha umeyapika mpaka yamekauka maji kabisa, machicha yawe ya kahawia na sufuria imeacha kulia chwaa chwaa. Maji yakibaki humo yatachacha, na hamna kitu kibaya kama dawa ya kikwapa inayonuka yenyewe.

Nta waulize wanaouza asali, wengi wanayo au wanajua pa kuipata, mimi naagiza kwa jamaa anayeleta asali ya Tabora. Mara nyingi inakuja na takataka, vipande vya magome, mabawa ya nyuki, kwahiyo iyeyushe kwanza uichuje kwenye kitambaa cha zamani ambacho hutakihitaji tena maana hakitarudi kuwa kitambaa. Kazi ya nta ni kushikilia, yenyewe mpaka ifike nyuzi 60 na kitu ndo inayeyuka, ndo maana kikopo kitakaa kwenye pochi mchana kutwa kisimwagike.

Wanga kama hutaki kununua, chukua muhogo mbichi mtamu, menya, kuna kwenye mbuzi au kikunio, tia maji mengi, kamua kwenye kitambaa kama unavyokamua tui. Yale maji yaache masaa matatu manne yatulie, chini utakuta kitu cheupe kimeshikana, mwaga maji ya juu, tia mengine safi, koroga, acha tena itulie, mwaga, alafu anika jua kali mpaka ikauke kabisa, saga na uchekeche. Inakua laini kama poda. Usitumie ule unga wa muhogo wa ugali, una nyuzinyuzi, utakukwaruza.

Kupika sasa. Twanga karafuu kidogo tu zipasuke, zitie kwenye mafuta ya nazi. Chemsha maji kwenye sufuria, kalisha bakuli la bati juu yake au ndani yake, na hayo mafuta yawe kwenye bakuli. Usiweke moja kwa moja kwenye moto hasa ukishatia nta, nta ikipata moto mkali inawaka, na kwenye jiko la mkaa ndo huwezi hata kupunguza haraka. Acha karafuu zilowe kwenye mafuta ya moto dakika ishirini, moto mdogo, mafuta yasichemke, alafu chuja. Karafuu mbali na harufu ina kitu kinachosumbua bakteria, ila ni kali, ndo maana nimesema punje kumi. Wenye mafuta ya karafuu ya Pemba yale ya kukamuliwa, matone mawili yanatosha na utie mwishoni, ukiweka kijiko utalia. Usiyependa karafuu tumia mchaichai au iliki, mimi nshajaribu iliki, nilinukia kama chai ya msibani, sikurudia.

Mafuta yakishachujwa rudisha bakuli kwenye mvuke, tia nta, koroga mpaka iishe yote. Hapo usiende mbele kwanza. Chovya kijiko kikavu, toa, kiache dakika mbili tatu kipoe kisha gusa kwa kidole. Ikiwa laini kama mlenda ongeza nta kidogo. Ikiwa ngumu kama mshumaa ongeza mafuta. Unataka iwe kama kiwi ya viatu, unapitisha kidole inakubali. Wa Arusha na Njombe wekeni nta kidogo tu, wa Dar, Tanga, Mombasa wekeni vijiko viwili kamili mkono usitetemeke.

Epua. Pembeni uwe ushachanganya wanga na soda na ushachekecha pamoja, maana soda ikiwa na vidonge inakwaruza ngozi na pale ilipokwaruza ndo itaunguza. Mwagia kidogo kidogo huku unakoroga, endelea kukoroga mpaka ianze kuwa nzito, ukimimina ikiwa bado nyepesi unga wote utazama chini na utakua na kikopo cha mafuta juu na chaki chini. Mimina kwenye kikopo kilichooshwa na kukaushwa KABISA, hata tone la maji lisiwepo. Bakuli lifute na karatasi likiwa bado la moto, usikimbilie kulioshea kwenye sinki, nta ikigandia kwenye bomba fundi atakula hela yako.

Kupaka nako kuna kanuni zake, sio unapaka juu ya kikwapa cha jana. Oga na sabuni, kausha kwapa vizuri, chota kiasi cha punje ya harage, pasha kwenye vidole, paka, subiri dakika mbili ndo uvae. Ukipaka nyingi itahamia kwenye shati. Umenyoa leo? Leo usipake, paka kesho. Na mara ya kwanza kabisa paka kidogo kwenye kunjo la kiwiko ukae siku nzima uone, ukiwashwa au ukipata wekundu basi soda imekukataa.

Na soda inakataa watu wengi, sio wewe tu. Ngozi ya kawaida ina utindikali kidogo, soda iko upande wa pili, kila siku ukiipaka unaisumbua ngozi mpaka inachoka. Suluhisho sio kuvumilia ati itazoea, ila toa soda kabisa ongeza kijiko kimoja cha wanga, inafanya kazi, sio kwa nguvu ile ile ila inafanya. Mama yangu anatumia hiyo isiyo na soda, anaongezea na shabu. Shabu ni ile ya mawe meupe kama barafu inayouzwa kwenye maduka ya viungo na dawa za asili, unalowanisha jiwe unapitisha kwapani ukitoka kuoga, unaacha likauke, alafu unapaka mafuta. Jua tu kwamba shabu nayo ni chumvi ya alumini, kwahiyo wewe uliyekimbia roloni kwasababu ya alumini usijidanganye kwamba umeikwepa.

Ndimu sasa. Najua bibi zetu walipaka ndimu na wamefika miaka tisini. Ndimu inaua bakteria kweli, lakini ni kali mno, na ukipaka alafu ukavaa kijiblauzi ukatoka juani inaweza kukuachia madoa meusi au malengelenge kabisa. Ukiitaka paka usiku, nawa asubuhi. Na naomba tuache ile ya kuchanganya ndimu na bekingi soda, inatoa povu watu wanashangilia inafanya kazi, kumbe vile viwili vinauana hapo hapo, povu likiisha umebaki na maji ya chumvi tu. Chagua kimoja.

Kwa wanaume wanaosema hawataki kupaka mafuta kwapani, chukueni wanga vijiko vinne, soda nusu kijiko cha chai, mtwange na karafuu mbili muichekeche vizuri, mtie kwenye kopo la poda la zamani. Imeisha hiyo, haihitaji hata moto.

Wiki ya kwanza ukiacha roloni ya dukani utaona umeloa zaidi. Kuna watu wanasema kwapa linatoa sumu, hamna sumu, ni jasho lilikua limezibwa sasa limeachiwa. Vumilia, beba leso, rudia kupaka mchana. Ila ukiona jipu linalorudi rudi, au usaha, au harufu imebadilika ghafla bila sababu, hiyo sio kazi ya jikoni, nenda kituo cha afya.

Kitu cha mwisho ambacho watu wanasahau ni nguo. Unaweza kupaka dawa nzuri kuliko zote alafu ukavaa shati ambalo kikwapa kishaingia kwenye nyuzi, hasa haya mashati ya poliesta, dakika kumi mwili ukipata moto harufu ya wiki iliyopita inarudi kazini. Loweka sehemu za kwapa kwenye siki kikombe kimoja na maji vikombe vitatu kwa nusu saa kabla ya kufua, usichanganye na jiki hata kidogo maana inatoa gesi ya sumu, fua na sabuni kama kawaida, anika juani ukiwa umeligeuza ndani nje. Na ukiwa na jirani wa Kizanzibari mwenye kitezo mwombe akufukizie udi zile za Ijumaa.