Usichome fujeri: chakula chake kiko chini ya udongo

Ndugu wakulima wa Kabare na Walungu, na nyie wote wenye mashamba ya mlimani kuzunguka Bukavu, sezoni A, ile ya kupanda mwezi wa tisa, iko karibu na jioni ukisimama barabarani unaona moshi kila kilima. Sehemu kubwa ya huo moshi ni fujeri, ile kangaga yenye majani kama manyoya inayofika mpaka kifuani. Nawaomba kitu kimoja: acheni kuichoma.

Nyumbani kwetu tulichoma miaka mingi. Mwezi wa saba moto, mwezi wa tisa tunapanda maharagi, na kabla maharagi hayajatoa jani la tatu tayari fujeri imetoka katikati yake, vichwa vimejikunja kama nyumba ya konokono, mingi kuliko mwaka uliopita. Mama alikuwa anauliza kila mara, mbegu ya hii kitu inatoka wapi na hatujawahi kuona hata ua lake?

Jibu ni kwamba haina mbegu, haina ua, haina tunda. Chukua jani lililokomaa, geuza, utaona ukingo wake umejikunja kidogo na ndani ya huo mkunjo kuna rangi ya kahawia. Liweke juu ya karatasi nyeupe ndani ya nyumba mahali pasipo na upepo, asubuhi ukilinyanyua utakuta vumbi laini kama kakao. Hizo njo spora. Spora ikianguka mahali penye unyevu haitoi fujeri moja kwa moja, inatoa kwanza kajani kadogo sana kama moyo, kadogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kamelala juu ya udongo, na hapo ndipo kuna sehemu ya kiume na ya kike, na ile ya kiume lazima iogelee kwenye maji, hata kama ni utando tu wa umande, mpaka ifike kwa ya kike. Fujeri mpya inaota kutoka pale. Sasa kwenye udongo uliofunikwa na majani mengine hako kajani kanashindwa kirahisi, lakini kwenye udongo uliochomwa, mtupu, wenye majivu, kanapata nafasi nzuri kabisa. Kwa hiyo ukiwasha moto unaitengenezea kitalu.

(Si ndugu zake wote ni wabaya. Azola, ile ndogo inayoelea juu ya maji ya mpunga, nayo ni ya ukoo huu wa fujeri, ndani ya jani lake kunaishi vijidudu vinavyokamata nitrojeni ya hewani, na wakulima wa China na Vietnam waliitumia kama mbolea tangu zamani. Watu wa bonde la Ruzizi, hiyo tutaiongelea siku yake.)

Lakini spora si shida kubwa ya shamba lako la leo. Chukua jembe uchimbe chini ya fujeri moja tu, taratibu, utakuta kitu cheusi kinene kama kidole kimelala ndani ya udongo na kuendelea mbali, unavuta na hakiishi. Watu wanasema mzizi, kumbe ni shina linalotembea chini. Likate kwa kisu: ndani jeupe, linateleza, limejaa wanga. Ile njo ghala yake. Linaweza kushuka nusu mita, wakati moto wa majani unachoma juu juu tu, kwa hiyo unaua majani yote ambayo yangeshindana nayo na yenyewe unaiacha salama na ghala lake.

Basi dawa ni kulimaliza hilo ghala. Kichwa kikiwa bado kimejikunja, kinakula akiba ya chini. Jani likishafunguka lote na kukomaa, linaanza kurudisha chakula chini. Wewe mpige pale katikati, jani limefunguka lakini bado laini, rangi bado ya kijani cheupe. Ukikata mapema sana ghala halijatumika vya kutosha, ukichelewa limeshajazwa. Yatatoka mengine, subiri kama wiki 6 hivi, angalia yamefunguka, kata tena. Mwaka mmoja hautoshi, hesabu miaka 2 au 3 bila kuruka, juu ya ukiiacha ipumzike sezoni moja tu umeirudishia chakula ulichoinyang'anya.

Pale unapolima, lima kwa kina na utoe vipande vyote uvianike juu ya mawe mpaka vikauke kabisa, maana kipande chenye jicho kinaota tena. Halafu funika udongo haraka na viazi vitamu au mukuna, ile jamii ya maharagi inayotambaa na kufunika udongo, fujeri haipendi kivuli kizito. Na kama imejaa shamba zima, fikiria pia kwamba udongo wako una asidi, udongo wa Walungu ni wa zamani, mvua imeshausafisha virutubisho, ndiyo maana maharagi yanakuwa ya njano. Samadi na chokaa vitasaidia maharagi, ila usitegemee chokaa peke yake iue fujeri.

Majani uliyokata usiyarundike karibu na chemchemi, sumu yake inayeyuka kwenye maji ya mvua. Usichanganye kwenye majani ya kobayi (simbilisi) wala sungura, wala usimpe nguruwe, yeye inamharibia vitamini B1 mwilini.

Kwa ng'ombe ndiyo mbaya zaidi. Wanaila kiangazi pale nyasi zimekwisha, hasa vile vichwa vichanga vinavyotoka baada ya moto. Akila nyingi kwa muda mfupi damu yake inaharibika, anatoka damu puani au kwenye kinyesi. Akila kidogo kidogo miaka, kibofu kinapata uvimbe wa kansa na anakojoa damu, na hiyo haina dawa. Sumu inapita hata kwenye maziwa, ambayo watoto wetu wanakunywa.

Ila mkojo mwekundu unaweza kuwa pia ugonjwa wa kupe, na huo una dawa ukiwahi. Kinga mkojo kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache imesimama masaa machache bila kutikisa. Wekundu ukishuka chini na juu kukabaki maji ya kawaida, ni damu yenyewe, inaelekea kwenye kibofu na fujeri. Ukibaki rangi moja juu mpaka chini, kama kahawa, na ng'ombe ana homa, fikiria kupe na umuite veterineri siku hiyo hiyo. Chupa usiimwage, atataka kuiona.