Kuunda roboti ya kuchora isiyopotea njia umeme unapokatika

Roboti inayoelezwa hapa haina mikono wala magurudumu. Ni kalamu iliyoning'inizwa mbele ya ubao kwa mikanda miwili, na kila mkanda huvutwa au kulegezwa na mota iliyofungwa kwenye kona ya juu. Mota hizo mbili zikishirikiana, kalamu hufika popote kwenye karatasi iliyobandikwa katikati. Umbo hili lina historia yake: mwaka 2002 Jürg Lehni na Uli Franke, huko Uswisi, waliunda Hektor, ambayo ilining'iniza kopo la rangi ya kupuliza kwa njia hiyo hiyo na kuchora kuta nzima. Sisi tutatosheka na karatasi ya A3.

Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa kana kwamba umeme haukatiki kamwe, na hapo ndipo yanapotuacha sisi wa Lubumbashi. Roboti yangu ya kwanza niliijenga kwa kuyafuata neno kwa neno, nikaifungia mota za hatua (zinazozunguka kwa hatua ndogo zinazohesabika) za aina ya NEMA 17, nzito na zenye nguvu, ikachora saa nzima bila kasoro. Kisha delestaji, yaani mgao wa umeme, ikafika bila taarifa, kama kawaida yake. Mota zile zikikosa umeme hushika kidogo mno, kwa hiyo kalamu iliteremka kwa uzito wake huku ncha ikiwa bado imegusa karatasi, ikaacha mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Tangu siku hiyo kila ninachokichagua, kuanzia mota hadi programu, nakichagua kwa swali moja: umeme ukiondoka sasa hivi, kitatokea nini?

Kwa swali hilo, mota inayotufaa ni ile ndogo ya volti 5 iitwayo 28BYJ-48, ambayo wajuzi wengi huidharau kwa sababu ni ya polepole. Ndani yake kuna gia zinazopunguza mwendo takribani mara 64, na gia hizo zina msuguano wa kutosha kushikilia mzigo mwepesi hata mota ikiwa haina umeme kabisa. Kalamu husimama pale ilipokatikiwa. Gia hizo zina ulegevu kidogo, lakini katika umbo hili uzito wa kalamu huvuta mkanda upande mmoja daima, kwa hiyo ulegevu huo hauonekani sana kwenye mchoro. Nunua mbili, pamoja na vibao vyake vya ULN2003 vya kuzipitishia umeme, bodi moja ya Arduino Uno R3 (kompyuta ndogo ya kuziongoza mota) au nakala yake, servo ndogo ya SG90 (mota inayogeuka kwa pembe unayoiamuru) ya kushusha na kuinua kalamu, kibao cha kusomea kadi ya SD, mita 3 za mkanda wa meno wa GT2, na puli mbili za meno 20 zenye tundu la milimita 5.

Vichache kati ya vitu hivi hupatikana madukani hapa mjini; vingine itabidi umwagize mtu anayevuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, naye umwandikie majina kwenye karatasi herufi kwa herufi, kwa maana mkanda wa GT2 na mikanda mingine inayofanana nao haviingiliani. Ukienda kwa mafundi wa soko la Kenya (nasema komini yetu, yaani sehemu ya mji huu, si nchi) utakuta printa zilizokufa zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na inafaa kununua moja kwa ajili ya vyuma vyake vilaini, skrubu na nyaya. Lakini usitegemee mota zake. Printa nyingi za wino za miaka ya karibuni hutumia mota za kawaida zenye nyaya mbili, ambazo huzunguka tu bila kuhesabu hatua. Mota inayofaa kwa kuchora ina nyaya nne, tano au sita.

Ubao wenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Tafuta kipande cha tripleksi (plaiwudi) chenye upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 80, ukitundike juu vya kutosha ili ncha za mikanda zining'inie bila kugusa sakafu, na ukilaze nyuma kidogo ili kibebeo cha kalamu kiegemee karatasi chenyewe. Funga mota mbili kwenye pembe za juu, vitovu vya puli vikiwa umbali wa milimita 800 kamili. Mkanda upande mmoja unashika kalamu, unapita juu ya puli, kisha unashuka nje ukiwa na uzito mdogo wa kuukaza. Betri mbili za AA zilizokwisha, zikifungwa kwa utepe, zinatosha kwa kila upande. Kibebeo cha kalamu kiwe na uzito unaozidi hapo, karibu gramu 120, na mikanda yote miwili ikutane karibu kabisa na ncha ya kalamu, la sivyo kibebeo kitayumba na duara zako zitafanana na mayai.

Kuhusu kalamu yenyewe, acha biki. Wino wake hutegemea kushuka, na ukiiandikisha ikiwa imelala itakauka baada ya dakika chache. Kalamu za fetri, zile zenye ncha laini kama kitambaa, zinaandika vizuri zikiwa wima au zimelala, ila zina tabia ya kuvuja doa kila zinaposimama. Kwa sababu hiyo servo ipangwe kuisukuma kalamu kwenye karatasi, na mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli uivute kurudi. Mpira uwe mkali kiasi cha kuishinda servo isiyo na umeme, na hilo ulijaribu kwa mkono kabla ya kuweka karatasi.

Sasa tufike kwenye nyaya, mahali ambapo watu wengi hupoteza Jumapili nzima. Mota ya kushoto ichukue pini 2 hadi 5, ya kulia 6 hadi 9, kadi ya SD ichukue 10 hadi 13, servo iende A0 na kitufe cha kuanzia kiende A1. Ukitumia maktaba ya Stepper (maagizo tayari ya kuendesha mota) inayokuja na Arduino, zitaje pini za kila mota kwa mpangilio wa kwanza, wa tatu, wa pili, wa nne. Ukizitaja kwa mfuatano wa kawaida mota itatetemeka na kunguruma bila kuzunguka, nawe utaamini kwamba umeuziwa mota mbovu. Nimeshawahi kuirudisha mota nzima dukani kwa kosa hilo, na muuzaji akanibadilishia kwa upole nisioustahili.

Kompyuta ikikataa kuiona bodi, shuku kebo kwanza. Kebo nyingi za bei ndogo zina nyaya za kuchaji tu, hazina nyaya za data, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kebo ikiwa nzima, tazama kama bodi yako ni nakala inayotumia chipu ya USB iitwayo CH340, kwa kuwa baadhi ya kompyuta huhitaji programu ndogo ya kuitambua. Ipakue programu hiyo pamoja na mazingira ya Arduino (programu ya kuandikia maagizo ya bodi) siku ambayo una mega za intaneti za kutosha, uvitunze kwenye flashi. Usitumie toleo linalofanya kazi ndani ya kivinjari, maana intaneti ikiondoka na kazi yako imeondoka.

Usizilishe mota kutoka pini ya volti 5 ya Arduino. Kila mota hula karibu miliampea 200, na servo ikishtuka hudai zaidi ya hapo kwa ghafla. Bodi itajizima na kujiwasha katikati ya mstari. Chukua pawabenki yenye tundu la ampea 2, ulishe mota na servo moja kwa moja, na uunganishe waya hasi wa pawabenki na wa Arduino. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 ina takribani wati-saa 37, na roboti hii hula wati 3 hivi, kwa hiyo utachora saa nane au zaidi bila kujali ukuta unasema nini. Mtego uliopo ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zenyewe zinapoona matumizi yamekuwa madogo. Ukiandika programu inayozima mota kila kalamu inapopumzika, kwa nia njema ya kuokoa chaji, pawabenki itadhani kazi imekwisha na kulala. Ziache mota zikiwa na umeme muda wote.

Hesabu ya roboti hii ni ile ile ya fundi mwashi anapopima kona ya nyumba kwa tatu, nne na tano. Tuseme x ni umbali wa kalamu kutoka puli ya kushoto kwenda kulia, na y ni umbali wa kushuka chini. Urefu wa mkanda wa kushoto ni kipeuo cha pili cha jumla ya x mara x na y mara y. Wa kulia ni hivyo hivyo, ila badala ya x unaweka 800 toa x. Ndiyo sababu nilitaka milimita 800: ukiiweka kalamu katikati, x ikiwa 400, na kuishusha y hadi 300, mikanda yote miwili inakuwa na urefu wa milimita 500 bila desimali yoyote. Mahali hapo tutapaita nyumbani. Bandika karatasi ya A3 ikiwa imelala, ukingo wake wa juu ukiwa kwenye y ya 320, ili nyumbani pawe nje ya karatasi na doa lolote la kuwashia liangukie ubaoni.

Meno ya mkanda wa GT2 yamepishana kwa milimita 2, kwa hiyo puli ya meno 20 huvuta milimita 40 kwa mzunguko mmoja, na mota yetu hufanya hatua 2,048 katika mzunguko huo, yaani hatua 51.2 kwa kila milimita. Hesabu ya gia si 64 kamili, kwa hiyo mwisho wa kazi iamuru roboti ilegeze milimita 500, upime kwa rula, na urekebishe namba hiyo kulingana na ulichopata.

Hebu tujaribu safari moja. Kutoka nyumbani tunataka mstari mnyoofu wa milimita 100 kwenda kulia. Mkanda wa kushoto unatoka 500 hadi 583.1, na wa kulia unapungua hadi 424.3. Mtu anayeanza huziambia mota zifanye safari hiyo kwa mwendo mmoja, kila moja kwa kasi yake isiyobadilika. Kalamu itafika mahali sahihi, lakini katikati ya njia itakuwa imeshuka karibu milimita moja na nusu, na mstari utalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Dawa yake ni kuukata kila mstari vipande vya milimita 1 au 2 na kuhesabu mikanda upya kwa kila kipande. Kwa jaribio la kwanza mimi huchora msalaba wa shaba wa Katanga, kwa sababu mikono yake minne huonyesha mara moja upande gani umekosea vipimo.

Bodi ya Uno ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, haiwezi kubeba mchoro mzima. Ndiyo maana mchoro unakaa kwenye kadi ya SD na kusomwa mstari mmoja mmoja, na kompyuta unaweza kuizima. Lakini bodi hiyo pia ina baiti 1,024 za EEPROM, zisizofutika umeme ukiondoka. Kila kalamu inapoinuliwa na kufika mwanzo wa mstari mpya, kabla ya kuishusha, programu iandike humo namba ya mstari huo. Kila baiti imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000, nazo ni nyingi, ila mchoro wenye mistari elfu utazimaliza katika michoro mia, kwa hiyo badilisha mahali pa kuandikia kila unapoanza mchoro mpya.

Pawabenki ikiisha au ikijizima, roboti itajua ilikuwa kwenye mstari upi lakini haitajua kalamu iko wapi. Hapo ndipo nyumbani panapofanya kazi yake. Mapema, kabla ya kuchora chochote, hesabu meno 250 kwenye kila mkanda kuanzia pale unapokutana na kalamu, maana meno 250 ni milimita 500, na utie alama ya rangi nyeupe. Baada ya ajali usizungushe mota kwa mkono, gia zake ni laini. Nyanyua mkanda kutoka kwenye meno ya puli, usogeze mpaka alama nyeupe ikae kwenye kilele cha puli, pande zote mbili, kisha ubonyeze kitufe. Roboti itasoma namba, itakwenda mwanzo wa mstari ule na kuuchora upya. Mota inapoamka inaweza kuruka hatua mbili au tatu, kosa lisilofika sehemu ya kumi ya milimita.

Ila mstari uliorudiwa utakuwa mzito kidogo kuliko wenzake, na hapa aina ya mchoro inaamua kama utaonekana. Mstari mmoja mrefu usiokatika huonyesha kovu. Michoro ya mistari mifupi mingi hulificha. Katika mji huu tuna mwalimu wa jambo hilo: Mwenze Kibwanga, mmoja wa wachoraji wa karakana ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mwaka 1946, alijaza picha zake kwa mistari mifupi iliyolala sambamba. Nimeipa roboti picha ya bomba la moshi na kilima cha mabaki ya madini, mwanga na kivuli vikitengenezwa kwa vistari vya milimita 8 hadi 15. Ilichukua saa tatu na ikakatikiwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya jirani aliyekuja kuomba pawabenki achaji simu. Vistari vilivyorudiwa viko upande wa kushoto wa kilima, penye giza, na hata mimi huvitafuta kwa kidole.